Nusu ya Mkubwa, Nusu ya Mdogo

Daktari aliigeuza karatasi ya majibu akaitazama nyuma, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na habari nzuri zaidi. Haukuwa na kitu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Mzee," alimwambia Mkubwa, ambaye wala hakuwa mzee, "nakuuliza tena, kwa upole. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku asubuhi, kabla sijashika nyundo."

"Huruki?"

"Siruki, daktari. Mimi si chura."

Foronya, mkewe, alimkanyaga mguu chini ya meza. Jina la Foronya alipewa na wateja, kwa kuwa ndiye aliyeshona mifuko ya mito na nguo za makochi katika karakana ya mumewe. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Kitambaa alikitazama kabla ya kukikata, na mtu alimtazama kabla ya kumjibu. Siku hiyo alimtazama daktari akaona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, kama fundi aliyerudishiwa kazi ileile mara tatu na hajui kosa liko wapi.

"Anameza," Foronya alisema. "Mume wangu ana mengi, lakini mwongo siye."

"Na makopo yake nayahesabu mwenyewe kila mwezi," aliongeza nesi kutoka mlangoni, mama mmoja mwenye sauti nzito. "Hakijawahi kuzidi kidonge wala kupungua. Nikitaka kuwasuta wagonjwa wengine namtaja yeye."

Daktari alipumua kwa pua. Akawaeleza polepole. Homa ya ini aina hii ni virusi, na virusi havina kazi nyingine ila kuzaana ndani ya ini. Kila vikizaana vinajinakili, na katika kunakili hukosea hapa na pale. Makosa mengi hayana maana. Lakini siku moja hutokea kirusi kilichokosewa kwa namna ambayo dawa haikishiki tena. Dawa ikiwa haba mwilini, vile vya kawaida hufa na hicho hubaki na uwanja mzima peke yake.

"Vya kwako ndivyo vilivyofanya," alisema. "Vimebadilika. Hizi dawa sasa unavinywesha kama chai. Ni dawa za zamani, hata kwa anayemeza vizuri inaweza kutokea. Lakini kwa mtu mtiifu nilitarajia ichelewe. Kwako imetokea mapema mno, nami sielewi."

"Na ini lenyewe?" Foronya aliuliza.

Daktari alimwonyesha picha ya ultrasaundi, kivuli cheusi chenye madoa. "Limeanza kuweka makovu. Kovu ni mahali palipokufa. Yakienea, ini linakaza kama ngozi kavu, tumbo linajaa maji, na baada ya hapo sina cha kukuahidi. Ndiyo maana nabadilisha dawa leo. Hii mpya ina nguvu, na virusi haviizoei kirahisi. Lakini nisikilizeni. Nyuma ya hii kabati langu ni tupu. Mkiiharibu na hii, sitakuwa na cha kuwapa. Rudisheni kopo la zamani, nesi atawapa jipya."

Njiani Mkubwa alitembea akishika ubavu wa kulia, kama anayebeba yai chini ya shati. Siku hizi mkanda wake ulikuwa na matundu aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari.

"Daktari yule ananiona mwongo," alinung'unika.

"Hajasema mwongo. Kasema haelewi."

"Ni hilohilo, kwa heshima."

Kopo la dawa halikukaa kwao. Lilikaa kwa mama mkwe, nyumba ya pili kuvuka ua, tangu siku Mkubwa alipogeuka macho ya njano, kabla hata hajaoa. Foronya alipoolewa alilikuta huko, naye hakulidai. Mkwe mgeni hadai funguo za kabati. Kila asubuhi Mkubwa na pacha wake walipitia kwa mama yao, wakanywa chai, wakaenda karakana. "Umemeza?" Foronya humuuliza mumewe akifika. "Nimemeza." Basi, yameisha. Yeye mwenyewe alichanjwa walipochumbiana, mtoto wao alichanjwa siku aliyozaliwa, na Foronya akahesabu kwamba nyumba yake imezibwa pande zote.

Kesho yake alikwenda kulichukua kopo mapema.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Ingia. Mbona mapema, kwema?"

"Kwema. Nimefuata kopo la dawa. Daktari analitaka."

"Ngoja basi niwatolee ya leo wanangu, ndiyo uende nalo."

Mtaa mzima walimwita Mama Pacha, na jina hilo alilivaa kama cheo. Alikuwa ameketi mezani karibu na dirisha, chupa ya chai mbele yake, vikombe viwili, na kisahani kimoja cheupe. Alifungua kopo, akatoa kidonge kimoja, akakiweka katikati ya kisahani. Halafu akachukua wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja, akakilenga kidonge huku amefumba jicho moja, akakandamiza. Kidonge kikalia tak. Kikawa viwili.

Foronya alikuwa bado amesimama.

"Mama, hapo unafanya nini?"

"Nagawa." Mama Pacha alivisogeza vipande kwa ncha ya kidole, kimoja karibu na kila kikombe. "Hiki cha Mkubwa, hiki cha Mdogo. Leo vimetoka sawa. Siku nyingine kimoja hukatika vibaya, basi kesho yake nampa nusu kubwa aliyepata ndogo."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Kugawa."

"Tangu mwanzo, mwanangu. Wewe ulidhani vipi?"

Foronya alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile.

"Pacha hawabaguliwi," Mama Pacha aliendelea, akimimina chai kana kwamba wanaongea habari za mboga. "Niliwanyonyesha pamoja, huyu kushoto, huyu kulia. Nguo nilikata jora moja. Mmoja alipopata surua nilimlaza mwenzake pembeni, waugue wote tumalize. Leo mmoja apewe dawa, mwenzake akae anamtazama mdomo? Ni mama gani huyo?"

"Kwani shemeji anaumwa?"

"Wametoka tumbo moja, siku moja, wa pili kamshika wa kwanza kisigino. Unaniuliza kama anaumwa?"

"Alipimwa?"

"Si kapimwa mwenzake."

Foronya alikitazama kile kisahani mpaka macho yakamuuma. Nusu na nusu ni nzima. Ndiyo maana hesabu ya nesi haikuzidi wala kupungua. Na mumewe, masikini, hakudanganya hata siku moja. Aliulizwa kama anaruka, akasema haruki. Hakuna aliyefikiri kumuuliza kama anagawana, kwa maana ni nani mwenye akili zake angeuliza swali la namna hiyo?

"Mama," alisema, "dawa ikiwa nusu, ugonjwa unaizoea."

"Nusu si bora kuliko hakuna?"

"Kwa ugali, ndiyo. Kwa hii, hapana."

Mama Pacha alimtazama kama mtu aliyesikia tusi lakini hana hakika nalo. "Kunywa chai," alisema.

Hakunywa. Alichukua kopo, na kile kidonge kilichokatwa akakifunga katika karatasi, akaondoka. Alikwenda moja kwa moja karakana.

Karakana ilikuwa banda la mabati lililofunguka mbele, linanuka gundi na mbao mbichi. Makochi yaliyovuliwa nguo yalilazwa chali, miguu juu, kama mende waliopuliziwa dawa. Sponji za manjano zilirundikwa hadi darini. Mdogo alikuwa amepiga magoti akipigilia mikanda ya lastiki kwenye fremu, misumari midogo mdomoni. Mkubwa alikaa juu ya stuli akikata sponji kwa kisu kirefu, akipumzika kila baada ya kipande. Ungewaona mwaka ule wa harusi usingewatofautisha. Sasa mgeni yeyote angeweza. Mmoja alikuwa mtu, na mwenzake alikuwa picha ya mtu huyo iliyoachwa juani.

"Shemeji," Mdogo alisema akitema misumari kiganjani, "umekuja na uso wa askari. Tumeiba nini?"

"Nimetoka kwa mama. Nimeuona wembe."

Pacha wale walitazamana.

"Wembe upi?" Mkubwa aliuliza.

"Wa nusu kwa nusu."

"Aa, huo," alisema mumewe, kwa sauti ya mtu anayeambiwa kwamba jana kulikuwa na jua. Akarudi kukata sponji.

Hapo ndipo Foronya alipouma meno. Kama wangelificha, angekasirika vizuri, kwa raha zake. Lakini hawakuficha. Waliona ni jambo la kawaida tu, kama kupokezana ngazi.

"Nyinyi," alisema, "lile kochi la mwenye nyumba ya wageni mnalikumbuka?"

"Lenye kunguni?" Mdogo akacheka. "Nani atalisahau."

"Dawa ya kunguni mliifanyaje?"

"Tuliizimua. Ilikuwa chupa moja na makochi mawili."

"Wakafa?"

"Wakafa."

"Wote?"

"Wengi."

"Waliobaki je?"

Mkubwa aliweka kisu chini. "Walihamia kwenye sponji. Halafu kwenye mapazia. Halafu kwenye cherehani yako."

"Na mliponunua chupa ya pili mkapuliza bila maji?"

"Walikuwa wanaoga tu," Mdogo alisema. "Mmoja namkumbuka kabisa, alitoka ananing'aria."

"Basi, mume wangu, hao ndio walio kwenye ini lako," Foronya alisema. "Walio wepesi walikufa kwa hiyo nusu. Wagumu wakabaki, wakazaa wagumu wenzao, na kila asubuhi mkawapulizia dawa iliyozimuliwa. Hakuna aliyekuroga wala daktari hakukosea. Mmewafuga wenyewe, na mama akiwakatia kwa wembe."

Mkubwa alijishika ubavu.

"Nimeelewa," alisema hatimaye, na Foronya akaanza kushusha pumzi. "Hii mpya isikatwe. Itabidi tupate makopo mawili."

"Makopo mawili wanapewa wagonjwa wawili. Shemeji aende akapimwe."

"Mimi siendi," alisema Mdogo.

"Kwa nini?"

"Nipimwe nini? Ninacho ninakijua. Mtu haendi kuhukumiwa mara mbili kwa kosa moja."

"Nani kakwambia unacho?"

Mdogo akamwonyesha pacha wake kwa nyundo. "Kioo changu kile pale."

Hakuwa anatania. Miaka yote hiyo Mdogo aliishi kama mgonjwa. Kikombe chake alikitundika kwenye msumari wake, asitumie mtu mwingine. Msusi wa mtaa wa pili, mwanamke mcheshi ambaye hata Mama Pacha alimsifia, alimngoja, akamngoja, mpaka Mdogo mwenyewe alipomwambia aende zake kwa sababu hataki kumpelekea mtu maradhi nyumbani. Msusi akaenda. Siku hizi alikuwa mke wa fundi saa.

"Basi kama yeye haendi," Mkubwa alisema polepole, "na mimi sijui. Nimeze nzima, mwenzangu amekaa pale? Haitapita kooni, mke wangu. Nakwambia ukweli."

Foronya alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mungu aliwapa kichwa kimoja," alisema, "kikapita kwenye wembe wa mama, kila mtu akabaki na nusu yake."

Akaenda kwenye cherehani. Hapo palikuwa na kitambaa chekundu cha mahameli, kazi ya bwana harusi mmoja aliyekuwa na haraka kuliko bibi harusi. Foronya alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya kiti chake, akakikalia. Mikono akaiweka mapajani.

"Unafanya nini?" mumewe aliuliza.

"Sishoni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka shemeji apimwe."

"Shemeji, huo ni mchezo wa kitoto," alisema Mdogo.

"Mchezo ni ule wa kisahani. Huu ni mgomo."

Walidhani utapita kama kikohozi. Kesho yake akaja, akasalimia vizuri, akakalia kitambaa. Kesho kutwa hivyohivyo. Chai aliwapikia, karakana aliifagia, na ukimsemesha alijibu kwa adabu zote. Ila cherehani haikulia. Fremu zikakamilika, sponji zikabandikwa, makochi ya bwana harusi yakakaa uchi barabarani watu wakiyacheka. Mdogo, kwa kiburi, akanunua kitambaa kingine cha rangi ileile akajaribu kushona mto mwenyewe. Alihangaika nao toka asubuhi. Mto ukatoka na pembe tano.

"Ya tano ni ya nini?" Mkubwa aliuliza.

"Nyamaza wewe, ushone wako."

Mama Pacha akaja mwenyewe, kajifunga kanga mbili, akapewa stuli ya heshima.

"Mwanangu, nasikia umewagomea wanangu."

"Ndiyo, mama."

"Unataka kuwatenganisha. Tangu wazaliwe hajatokea mtu aliyethubutu."

"Mama, mimi nataka wawepo wote wawili, wazima, wagawane vitu vingine. Wagawane banda hili. Wagawane kesi zao. Mimi huyu mmoja akifa sitagawiwa nusu ya mwingine."

Mkubwa alikohoa. Mdogo alitazama barabarani. Mama Pacha akakirekebisha kilemba ambacho hakikuwa kimeharibika.

Huenda wangeendelea hivyo hadi kiama, lakini mchana huo bwana harusi alifika kuona kazi yake. Aliyatazama makochi yaliyo uchi, akamtazama Foronya aliyekalia mahameli yake, mwisho akauokota ule mto wa pembe tano. Akaugeuza. Akahesabu pembe kwa kidole, akarudia.

"Huu," aliuliza kwa utaratibu wa mtu anayejizuia, "unakaliwa upande gani?"

Mdogo akaitupa nyundo chini. "Twendeni," alisema. "Twendeni nipimwe, nipewe kopo langu, huyu mwanamke ashone. Yeye na daktari wake watanimaliza kabla ya ini."

Walikwenda wote wanne, maana Mama Pacha alikataa kubaki. Katika benchi la kliniki Mdogo alikaa ameinamisha kichwa kama anayesubiri kunyolewa. Nesi alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kijibao cha kipimo, akakaa kukitazama. Akakitazama tena. Akamwita mwenzake. Kisha akaja.

"Huna," alimwambia.

"Sina nini?"

"Huna virusi."

"Mmekosea mtoto," alisema Mama Pacha. "Aliyepimwa zamani ni yule. Huyu hajawahi kupimwa."

"Ndiye huyu ninayemwambia, mama."

"Pima tena."

Walipima tena, safari hii kwa damu ya mshipani, wakasubirishwa mpaka kivuli cha dirisha kikavuka chumba. Majibu yakaja na daktari mwenyewe. Mdogo hakuwa na homa ya ini. Hakuwa nayo kabisa, wala hakuwa na dalili kwamba aliwahi kuwa nayo.

Foronya akamfungulia ile karatasi yenye kidonge kilichokatwa, akamweleza habari ya wembe. Daktari akavuta kiti. "Nataka kuelewa," alisema. "Kidonge kinakatwa katikati. Nusu anameza mgonjwa. Na nusu ya pili anameza mtu mzima asiye na ugonjwa wowote."

"Ndiyo," alisema Mama Pacha. "Ili wawe sawa."

Daktari aligeuka akatazama nje ya dirisha. Nje hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa choo, lakini aliutazama kwa muda. Foronya alimwonea huruma. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapita pale.

"Mama," daktari alisema aliporudi, "ugonjwa huu mara nyingi mtoto huupata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Lakini si lazima kila mtoto. Hata pacha, mmoja anaweza kuupata na mwenzake asiupate. Hakuna anayepanga."

"Kwa mama," alirudia Mama Pacha.

"Pengine. Tutakupima na wewe. Hukujua, mama. Enzi zile hakuna aliyekupima. Hilo si kosa lako."

Lakini Mama Pacha hakuwa anasikiliza habari za kosa. Aliitazama mikono yake, kiganja cha kushoto, kiganja cha kulia, kama anayepima uzito wa vitu viwili visivyoonekana.

"Kumbe huu sikuugawa," alisema.

Foronya, ambaye alikuja na maneno yote tayari, ameyanoa njia nzima, aliyaacha. Alimsogelea mama mkwe wake kwenye benchi, mabega yakagusana. Hasira haikuwa imeisha. Ilikuwa ipo palepale, ila ilikosa mahali pa kukaa.

Mdogo alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, halafu akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Kikombe changu peke yangu," alisema. "Msusi kaolewa na fundi saa, tena fundi mwenyewe saa zake hazitembei. Nimekaa bila mke kwa ugonjwa wa mtu mwingine."

"Nisamehe," alisema Mkubwa.

"Nikusamehe nini? Wewe ndiye unayeumwa. Nimekula nusu ya uhai wako kwa chai, halafu wewe ndiye unaniomba msamaha. Hebu nyamaza."

"Na wewe utachanjwa," nesi alimwambia Mdogo, kwa haraka, kama anayezima moto. "Kwa kuwa huna kinga. Tunaanza leo, utarudi tena kumalizia."

Mama Pacha akainua kichwa. "Kwa hiyo naye kapata chake," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea kidogo.

Foronya alifumba macho.

Foronya alirudisha kopo la zamani, na jipya likatolewa dirishani. Mama Pacha alinyoosha mkono kulipokea, kwa mazoea. Foronya aliliwahi, akalikumbatia kifuani.

"Hili litakaa kwangu, mama."

Mkono wa mama mkwe ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka. "Sawa," alisema. "Lakini utamkumbusha? Mkubwa ni msahaulifu."

"Nitamsimamia mimi," alisema Mdogo. "Kila jioni nakuja kwao. Naona kwa macho yangu kinaingia kizima na hakirudi."

Foronya alikuwa na la kusema juu ya hiyo "kila jioni". Alimtazama mumewe, akaona namna alivyomgeukia pacha wake, kama mtu aliyeondolewa jiwe kooni, akalimeza neno lake.

Jioni hiyohiyo walikaa mezani. Foronya alifungua kopo, akatoa kidonge, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe. Kilikuwa kikubwa kuliko vile vya zamani. Mkubwa alikitazama. Vidole vyake, bila kuulizwa, vikaanza kukizungusha vikitafuta mahali pa kukivunjia.

"Meza," alisema Mdogo.

"Nameza. Nipe nafasi."

"Nafasi ya nini? Chote."

"Unanitolea macho hivyo, kitapitaje?"

"Nikufumbie? Mara ya mwisho watu walipokufumbia macho ini lilikuwa karibu kuwa soli ya kiatu."

Mkubwa alikiweka kwenye ulimi. Akanywa maji. Koo likapanda likashuka, na Foronya alilifuata kwa macho mpaka likatulia. Mdogo akainama mezani. "Fungua mdomo." Mkubwa akafungua. "Inua ulimi." Akainua. Mdogo akachungulia kama anayetafuta msumari ndani ya kochi, akaridhika, akaegemea kiti.

Daktari alikuwa amemwambia Foronya mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba virusi vitashuka, hilo ana matumaini nalo. Makovu ni habari nyingine. Ini likiachwa lipumzike hujitengeneza polepole, lakini sehemu gani itarudi na ipi haitarudi, hajui, na hataki kumdanganya. Ndivyo ilivyo, akasema. Foronya hakumwambia mtu. Alifunga kopo, akalipandisha juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa, mahali ambapo hata yeye alilazimika kupanda stuli kulifikia.

Aliposhuka, Mdogo alikuwa bado amekaa, viwiko mezani, kama mtu asiye na mpango wa kuondoka.

"Shemeji," alisema, "kesho nije saa ngapi?"

"Saa hii hii. Ukichelewa hatukungoji, anameza."

"Sichelewi." Akanusa hewa ya jikoni. "Na kwa kuwa nimeshakuja, chakula hakijaiva?"

Foronya aliwatazama wote wawili, nyuso mbili zilizokuwa moja, zikimngoja. Akavuta pumzi ndefu, akachukua kisu, akaenda kumenya vitunguu.